Kitufe cha Ng'ombe

Kitufe hakina miguu. Ndivyo nilivyojiambia asubuhi ile nilipowasha kompyuta ya chama cha wafugaji nikaona pengo katika safu ya vitufe juu ya skrini. Jana yake nilikuwa nimekiacha pale, kati ya kitufe cha printa na kitufe cha kutafuta: kichwa kidogo cha ng'ombe mwenye pembe, na kando yake moja, mbili, tatu. Sasa printa na utafutaji vilikuwa vimesogeleana kama watu kwenye benchi mwenzao akishainuka. Kama kitufe hakina miguu, basi kuna mtu amekitoa, na kama kuna mtu amekitoa, ana sababu yake. Mimi nilizaliwa nikijua kwamba watu wana sababu zao.

Wanasema sisi Wameru tuna hasira za karibu. Sikatai. Lakini zangu mimi hutanguliwa na shaka. Mtu akiniamkia kwa furaha kuliko kawaida, najiuliza anataka nini. Akininyamazia, najiuliza amefanya nini. Marehemu baba alipenda kusema kwamba mimi ningefaa kuwa askari wa upelelezi, ila ningemkamata kila mtu hadi niishie kujifunga pingu mwenyewe.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka Nairobi na cheti cha kompyuta, nikapata kibarua katika chama kimoja cha wafugaji wa maziwa upande wa Manyatta, huko juu kwenye baridi. Chumba nilipanga mjini Embu, na kila asubuhi nilipanda kwenda kazini nikiwa na sweta mbili. Ofisi ilikuwa imepakana na chumba cha kupozea maziwa, kwa hiyo tulifanya kazi katika harufu ya maziwa yaliyomwagika yakakaukia sakafuni. Kazi yangu ilikuwa kuunda programu ya kutunza habari za mifugo: ng'ombe ni wa nani, alipandishwa lini, alichanjwa lini, ndama wake ni yupi.

Mapatano yalikuwa wazi. Nikimaliza, kamati ya chama ingekuja kuikagua programu. Wakiikubali, ningeajiriwa kabisa. Wakiikataa, ningerudi Meru kwenda kuuza misumari katika duka la mjomba wangu, ambaye alishaambia watu kwamba nakuja. Mjomba hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na tabia ya kusimama nyuma yako ukipima misumari. Niliwaza duka lile kila nilipochoka, nikapata nguvu.

Programu yenyewe niliipenda, sioni haya kusema. Nilipigania menyu ziwe za Kiswahili. Meneja alitaka Kiingereza kwa sababu, alivyosema, mashine ilikuja ikiwa ya Kiingereza. Nilimwuliza kama ng'ombe wake wa gredi, aliyetoka ng'ambo, hukamuliwa kwa Kiingereza, naye akacheka akaniachia. Basi juu ya skrini kukawa na Faili, Mfugaji, Ng'ombe, Ripoti na Msaada. Chini ya maneno hayo nikaweka safu ya vitufe vya picha, kwa ajili ya wale ambao macho yao huchoka na maandishi. Kila picha niliichora kwanza kwenye daftari la hesabu lenye miraba, doti kwa doti, kisha nikaihamishia kwenye mashine. Kichwa cha ng'ombe kilinisumbua sana. Mara ya kwanza kilitoka mbwa. Mara ya pili kilitoka shetani. Nilipokipata hatimaye, nilikikodolea macho mpaka chai ikapoa.

Mtu asiyejua mambo haya inafaa aelewe kitu kimoja. Kitufe cha picha ni njia ya mkato tu. Amri yenyewe hukaa ndani ya menyu, na hata kitufe kikiondoka, anayejua njia anaweza kufungua menyu akaifikia huko. Kile kitufe cha ng'ombe kilikuwa njia ya mkato ya kufikia Hesabu ya Mifugo, iliyokuwa ndani ya Ripoti. Ukifungua jina la mfugaji kisha ukakibonyeza, namba ya ng'ombe wake wote ilitokea katikati ya skrini kwa herufi kubwa.

Tena nilikuwa nimewapa watumiaji uhuru. Wiki nzima niliitumia kuandika sehemu ambayo ingemwezesha kila mtu kuipanga safu ya vitufe apendavyo. Unabonyeza upande wa kulia wa kipanya, unachagua Panga Vitufe, unakikokota usichokitaka hadi chini, unaachilia, kinatoweka. Programu inakumbuka hivyo hadi utakapokirudisha. Niliwafundisha wote pale ofisini kwa majivuno, nikiwaambia kwamba hata Nairobi kuna maofisi hayana kitu kama hicho. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hiyo niliishona mwenyewe.

Nilikirudisha kitufe, nikanyamaza. Siku iliyofuata hakikuwepo tena.

Tuliotumia mashine ile tulikuwa wachache, kwa hiyo kushuku hakukuwa kazi ngumu. Wa kwanza alikuwa daktari wa mifugo. Huyu alizunguka na pikipiki akibeba mtungi wa mbegu za kupandishia ng'ombe, na programu yangu ilikuwa na ubaya mmoja machoni pake: ilionyesha ng'ombe waliopandishwa wakakataa kushika mimba. Kabla ya mashine, lawama hizo zilikwenda kwa ng'ombe. Nilimwona akiitazama skrini kwa jicho la pembeni, nikajua ana sababu.

Wa pili hakuwa wa pale ofisini. Alikuwa jamaa mmoja mwenye duka la kompyuta mjini Embu, ambaye ndiye aliyekiuzia chama ile mashine na aliyetaka sana kupewa kazi niliyopewa mimi. Alikuja mara kwa mara, ati kupangusa vumbi ndani ya mashine. Nani hupanda mlima kwa ajili ya vumbi? Nilikwenda dukani kwake nikajifanya natafuta disketi. Nilimwuliza kwa kuzunguka kama amewahi kusikia programu inayopoteza vitufe. Aliniambia hajawahi, kisha akanipa kiti na soda. Soda ile ilinitia shaka kuliko maneno yake.

Wa tatu alikuwa karani. Nilimweka mwisho kwa sababu alikuwa amejiweka wazi mno, na mtu aliye wazi mno sijui nimshike wapi. Alikuwa mtu wa makamo aliyetoka Mbeere, kule chini kwenye ukame, kwenye jamii ya wafugaji. Alivaa tai kila siku, hata siku za kupokea mitungi ya maziwa, na nywele zake zilinukia mafuta tangu mlangoni. Alikuwa kiongozi wa kwaya kanisani kwao. Aliandika jina la mfugaji huku akiimba sauti ya nne. Meza yake, pamoja na kompyuta, ilikuwa imeegemezwa kwenye dirisha la kuhudumia wafugaji, na skrini iligeuzwa ubavu ili yeye na walio nje waione wote. Hayo yalikuwa mapenzi ya meneja. Alitaka kila aliyeleta maziwa aone kwamba chama kimeendelea.

Niliweka mitego. Niliutandaza unywele wangu juu ya kipanya kabla ya kwenda kunywa chai. Niliporudi haukuwepo, lakini dirisha lilikuwa wazi na upepo wa Mlima Kirinyaga haujali mitego ya mtu. Siku nyingine nikapaka chaki kidogo ubavuni mwa kipanya, nikaketi ningoje nione nani ana vidole vyeupe. Kila mtu alikuwa navyo, meneja akiwa wa kwanza, na yeye akadhani ni unga wa maziwa, akaniuliza kama kompyuta yaweza kuharibiwa na unga.

Huyo meneja ndiye aliyenipa wasiwasi wa kweli. Alikipenda kitufe cha ng'ombe kuliko vyote, maana wakubwa wa idara ya mifugo walimdai jumla ya ng'ombe kila mwezi. Alinivuta kando akaniambia kwa sauti ya chini, "Madam, kamati ikikuja ipate hiyo kitufe imetoroka tena, hatutakuwa na la kusema. Watasema programu ni mbovu. Na mimi siwezi kukutetea."

"Haitatoroka," nilimwambia.

Usiku huo niliota misumari.

Siku za mwizi ni arobaini, na huyu wangu zake ziliisha saa ya chakula cha mchana. Wafugaji walikuwa wameondoka na dirisha limefungwa. Nilikuwa nimejibanza katika chumba cha kupozea maziwa na bakuli langu la githeri, kwa sababu pale mtu haoni kama upo. Nikasikia printa ikilia. Printa za siku zile zililia kweli, kama mtu anayepasua magunia. Sasa, asubuhi ile kitufe cha ng'ombe kilikuwa kimetoweka tena na nilikuwa nimekiacha hivyo kwa makusudi. Nikaweka bakuli chini, nikanyata.

Alikuwa karani. Hakuwa anaimba. Alifungua menyu ya Ripoti, akateremka pole pole hadi Hesabu ya Mifugo, akachapa hesabu ya mfugaji mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu. Kila karatasi aliikunja bila kuisoma akaitia kwenye bahasha. Kisha akageuka akaniona.

"Karani," nilisema, "hii kitufe ya ng'ombe ni wewe unatoa?"

"Kitufe gani, madam?"

"Hiyo unaizunguka kwa menyu kama mtu anaingilia dirishani na mlango uko."

Alitengeneza tai yake. "Madam, mashine ni yako. Mimi naheshimu kazi yako, hata nimekuombea. Lakini hiyo kitu si lazima ikae hapo mbele, wazee wakiona."

"Wazee wakiona nini?"

"Ni hivyo tu. Wazee hawapendi."

"Wazee hawajui hata kitufe ni nini!"

"Madam, mimi nimeokoka," alisema, na sijui wokovu uliingiaje hapo. "Mimi sina shida na hiyo kitu. Shida ni ya watu."

Nilingoja, maana nimejifunza kwamba mtu akiachwa kimya hujimwagia mwenyewe, lakini huyu aliniambia chakula chake kinapoa, akaondoka na bahasha. Nami nikayaunganisha mambo. Anakitoa kitufe ili wenzake wasiione hesabu kwa urahisi. Yeye anaichapa kwa siri. Karatasi zinatiwa kwenye bahasha. Nani angetaka kujua kila mfugaji ana ng'ombe wangapi? Wauzaji wa chakula cha mifugo, bila shaka. Nilijisikia vizuri sana. Hakuna raha kama ya mtu mwenye shaka akishapata mtu wa kumwekea.

Sikumshitaki. Nilitaka kwanza kamati ije ikubali kazi yangu, ndipo nimtoe mbele ya meneja na bahasha zake. Kwa wakati ule nilifanya jambo moja tu: niliifunga safu ya vitufe. Tangu siku hiyo, aliyetaka kukitoa kitufe chochote ilimbidi kwanza aandike neno la siri. Nilichagua jina la dada yangu aliyenifuata kuzaliwa. Katika Embu nzima hakuna mtu aliyelijua, na kwetu nyumbani hakuna aliyelitaja.

Jumamosi kabla ya kamati nilikwenda Meru. Mama aliuza ndizi na nduma katika soko la Gakoromone, na ukitaka kumwona ilibidi umfuate huko na umsaidie kupanga. Aliniuliza habari za kazi huku akifunga mkungu kwa kamba ya mgomba.

"Hiyo mashine yako inafanya nini?"

"Inahesabu ng'ombe, mama. Unabonyeza tu, inakuambia mtu ako na ngapi."

"Na mwenyewe akiwa amesimama hapo?"

"Mwenyewe akiwa hapo."

"Haya," akasema.

Sikuipenda ile haya. Kwa mama yangu neno hilo lina maana nyingi, na nyingi si nzuri. Lakini nilimjua. Mama huhesabu ndizi, huhesabu mikungu, hata mawe ya jiko anaweza kukuhesabia. Watoto hahesabu. Ukimwuliza ana watoto wangapi, hukujibu kwamba wako wa kutosha. Muuguzi wa kliniki alishamgombeza kwa jibu hilo, akiwa na kalamu mkononi, na mama akamrudia vile vile, wako wa kutosha, hadi muuguzi akajiandikia alichotaka.

Sababu yake naijua. Nilipokuwa mdogo alikuja mtu wa kuhesabu watu nyumba kwa nyumba. Mama alikuwa shambani. Baba, aliyependa mambo ya kisasa, alitupanga kando ya ghala la mahindi, akatuhesabu kwa sauti akimnyooshea kila mmoja wetu kidole, na mgeni akaandika. Kabla mwezi haujaisha, dada yangu aliyenifuata alifariki. Baba alisema ni surua. Mama alisema ni kidole. Hawakuwahi kulimaliza jambo hilo kati yao, na jina la mtoto likawa halitajwi. Mimi nilikuwa upande wa baba. Surua ilikuwa imezunguka kijiji kizima, nyumba zilizohesabiwa na nyumba zilizokwepa. Naamini hivyo mpaka leo. Nilikula ndizi mbili za mama bila kulipa, nikarudi Embu.

Kamati ilikuja siku ya mvua. Waliingia wakikung'uta makoti, wazee kwa akina mama, wakaizunguka meza ya karani hadi madirisha yakafanya ukungu. Nje ya dirisha walisimama wafugaji wengine chini ya paa wakichungulia. Mwenyekiti alikuwa mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, na kila mtu alijua kwamba ng'ombe wake ndio wazuri kuliko wote Manyatta, ingawa sikumbuki kusikia mtu akisema ni wangapi. Meneja alitoa hotuba fupi kuhusu maendeleo. Daktari alisimama karibu na mlango. Karani alisimama nyuma ya kiti changu, na harufu ya mafuta yake ikanikaa shingoni.

Nilianza vizuri. Niliwafungulia menyu moja moja nikiwaeleza. Mama mmoja wa kamati aliposikia mashine ikisema Mfugaji na Ng'ombe kwa lugha anayoielewa, aliwaambia wenzake kwamba hata yeye angeweza kuiendesha. Nilitafuta ng'ombe aliyezaa majuzi, akapatikana. Nilifungua ukurasa wa kupandisha, wale walioshindwa kushika mimba wakatokea kwa rangi nyekundu, wote wakamgeukia daktari wakacheka, naye akacheka kwa shida. Meneja aliniitikia kwa kichwa. Duka la mjomba lilikuwa linaondoka nyuma yangu, nalisikia.

"Sasa," nikasema, "niwaonyeshe kitufe ninachokipenda zaidi."

Karani alikohoa. Nilimpuuza. Kwa heshima, nilifungua jina la mwenyekiti mwenyewe. Nikausogeza mshale wa kipanya hadi kwenye kichwa cha ng'ombe, pale juu, kilipokaa salama kwa neno langu la siri.

Kicheko kilikatika. Yule mama aliyekuwa akinisifu aliinamisha kidevu akajitemea mate kidogo kifuani, kama wanavyofanya wakubwa wetu kujikinga na neno baya. Nje ya dirisha mtu mmoja alipiga hatua nyuma akaingia mvuani.

"Ngoja, mwari," mwenyekiti alisema. Huko kwetu na kwao, mwari ni binti. "Hiyo ng'ombe iko na namba kando yake. Inafanya nini?"

"Inahesabu, mzee. Nikibonyeza hapa, itasema uko na ng'ombe ngapi."

"Hapa? Mbele ya hawa wote?"

"Ndiyo, mzee."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika, maana hasira nazijua. Aliivua kofia akaikung'uta, akaivaa tena.

"Wewe ni wa Meru?"

"Ndiyo."

"Na nyumbani kwenu mko watoto wangapi?"

Nilifungua kinywa. Swali jepesi kama nini, mtoto wa darasa la kwanza hulijibu. Nami nikagundua kwamba nilikuwa na majibu mawili. Kuna lile la baba, la siku tuliyopangwa kando ya ghala, na kuna lile la baadaye. Yote mawili yalikuwa ya kweli. Nikitoa la kwanza, nitakuwa namhesabu asiyekuwepo. Nikitoa la pili, nitakuwa namtoa kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya watu wasiomjua. Mkono wangu ulikuwa bado juu ya kipanya, na nilihisi kidole changu kimenyooka.

"Tuko wa kutosha," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa.

"Basi hata hao wangu ni wa kutosha," alisema.

Nikasikia karani akishusha pumzi nyuma yangu. Nilijua jambo la kufanya, na hakuna mwingine angeweza kulifanya, maana nilikuwa nimewafungia wote. Nilibonyeza upande wa kulia, nikachagua Panga Vitufe. Kisanduku kikafunguka kikidai neno la siri. Nililiandika jina la dada yangu. Mashine haionyeshi neno la siri. Kila herufi niliyoibonyeza ilitokea kama nyota ndogo, na zile nyota zikajipanga zikitazamwa na kamati nzima, na hakuna aliyejua ni nani. Kisha nikakikokota kichwa cha ng'ombe hadi chini, nikaachilia. Printa na utafutaji vikasogeleana.

"Imeenda wapi?" mwenyekiti aliuliza.

"Iko ndani ya menyu, mzee. Meneja akiitaka anaitafuta huko, akiwa peke yake na dirisha limefungwa."

"Hapo ni sawa. Ya ndani ikae ndani," alisema. "Haya, mwari, endelea. Tuonyeshe hiyo ingine, ya chanjo."

Waliikubali programu kabla ya chai. Meneja alinipa mkono mara mbili kwa kusahau. Watu walipotawanyika, karani aliketi kwenye kiti chake akaanza kuipangusa meza, na ndipo akaniambia. Kulikuwa na mfugaji mmoja aliyesimama pale dirishani, namba ya ng'ombe wake ikatokea mbele ya foleni nzima, na wiki hiyo hiyo ndama wake akafa. Tangu hapo wafugaji kadhaa walikuwa wanafika dirishani, wakiiona ile picha yenye moja, mbili, tatu, wanasema wamesahau kitu nyumbani. Hawakurudi kuandikisha ng'ombe. Yeye akawa anakitoa kitufe kila nilipokirudisha, na mchana dirisha likifungwa anamchapia meneja jumla zake kupitia menyu. Bahasha zilikwenda kwenye meza ya meneja, hazikwenda kwingine.

"Mbona hukuniambia hivyo siku ile?" nilimwuliza kwa ukali.

"Ningekuambia nini, madam? Wewe umesoma. Ungesema karani ni mshirikina. Hiyo maneno ingefika kanisani, na mimi ndio naongoza kwaya."

Nilimwangalia. Jibu lilikuwa na mantiki, tai ilikuwa imenyooka, na macho yake hayakukimbia. Hata hivyo, mwezi uliofuata nilipitia meza ya meneja mara moja kuhakikisha bahasha zilikuwa zimefika. Zilikuwa zimefika zote. Jamaa wa duka la kompyuta aliendelea kuja kupangusa vumbi, na huyo mpaka leo sijajua alitaka nini.

Niliporudi Gakoromone kumwambia mama kwamba nimeajiriwa, alimshukuru Mungu kwa sauti hadi majirani zake wa sokoni wakageuka. Kisha akainama akaanza kuokota nduma zilizoviringika.

"Na hiyo kitu ya kuhesabu?"

"Nimeitoa, mama. Wazee hawakuitaka."

"Unaitoaje kitu kwa mashine?"

"Ilikuwa imefungwa," nikamwambia. "Ilibidi niandike jina kwanza, ndio ifunguke."

Aliacha kuokota. Hakuniuliza ni jina gani. Aliusogeza mkungu wa ndizi pembeni, akanipa nafasi ya kukaa karibu naye.